Mutua Mshika-Muhuri na Bakuli la Maharagwe la Kakuma

Sogeeni, enyi watu wa kando ya Turkwel, nanyi wa kando ya Tarach, mnaokaa juu ya vigoda na mnaokaa juu ya debe lililopinduliwa, sogeeni mkasikie. Aliye na mfupa mdomoni na autoe kwanza, aushike mkononi, kwa maana habari hii ni nzito, na mtu anayevunja mfupa hasikii vizuri. Nawe ewe moshi wa kuni za mgunga, uliyekuwepo siku ile na kuingia machoni mwa wote bila kubagua, simama shahidi kwamba hapa hapatasemwa uongo wowote, ila ule mdogo unaotiwa kama chumvi.

Hii ndiyo tarihi ya Mutua wa Makueni, Mutua Mshika-Muhuri, Mutua Mpasua-Maini, ambaye katika mji wote wa Lodwar hakuna mbuzi aliyefika sufuriani kihalali pasipo kupita kwanza mbele ya macho yake. Miaka sita, akiwa mkaguzi wa nyama wa serikali, alisimama kichinjioni kila asubuhi, koti jeupe mwilini, buti nyeusi za mpira miguuni, kisu mkono wa kulia. Akapasua maini, akatafuta minyoo na vile vifuko vya maji vinavyojificha humo, na palipokuwa safi akapiga muhuri wa zambarau. Watu wakanunua, wakachoma, wakala, wakajilamba mpaka kwenye kiwiko, wakamwombea maisha marefu. Naye mwenyewe, jishikeni hapo mlipokaa, alikuwa hali nyama.

Hakuwa mgonjwa, wala hakuwa ameingia dini mpya. Ni kwamba kila alipotazama nyama aliona kazi, na mtu aliyetoka kazini akiwa amechoka hapendi kuikuta kazi imemtangulia kwenye sahani, tena imewekewa na limau.

Mateso yake yalikuwa makubwa. Alipoagiza chakula kisicho na nyama, mwenye hoteli alimletea kuku. Aliposema kuku pia hapana, akaletewa samaki wa Kalokol, kwa ile imani ya kwamba kitu kisicho na kwato hakiwezi kuitwa nyama. Aliposema samaki pia hapana, akaletewa maharagwe yaliyopikwa kwa mchuzi wa mbuzi, na mwenye hoteli akasimama kando, mikono kifuani, akimtazama kama anavyotazamwa mtu aliyefiwa.

Basi moyo, ambao haukaguliwi na mtu wala haupigwi muhuri, ukamwangukia Akai binti Lotiir, mwalimu wa chekechea hapo Lodwar, mrefu wa shingo, mwepesi wa kicheko, aliyeweza kumaliza mbavu nzima akiwa anasahihisha madaftari. Naye Akai akampenda yule asiyekula, akisema kwamba angalau kwa mume huyu hatagombania sahani maisha yake yote.

Lakini Akai alikuwa na baba, na baba huyo alikaa Kakuma, naye alikuwa Lotiir Mwenye-Ngamia, Lotiir Asiyeulizwa-Mara-Mbili. Habari zikamfikia kwamba mchumba wa binti yake anakula majani. Siku tatu alihesabu ngamia wake. Siku ya nne akapiga simu, akatoa neno fupi kama mkuki.

“Aje Jumamosi. Namchinjia mbuzi. Nitaona anafanya nini na yeye.”

Akai akamfafanulia mpenzi wake maana ya neno hilo, wala hakuificha. Mzee akipendezwa na atakachokiona, maneno ya ndoa yatafunguliwa siku hiyo hiyo. Asipopendezwa, watapewa chai, watatakiwa safari njema, na habari itakuwa imekwisha. Kwa maana katika boma lile hakuna aliyewahi kumwuliza Lotiir jambo mara ya pili, hata mkewe, hata chifu. Kukataa mbuzi wa mzee ni kumtukana. Kumla na kumtapika ni kumtukana mbele ya wageni.

Mutua akaingia chumbani kwake, akafanya baraza la vita na nafsi yake, na baraza lilipoinuka alikuwa na mpango. Akavaa suruali pana, na ndani ya suruali zile buti za kichinjioni, ndefu, nyeusi, zenye mdomo mpana kama birika. Humo ndimo atakamotumbukiza nyama, kipande baada ya kipande, huku taya zake zikitafuna hewa. Hakumwambia Akai. Mashujaa wana siri zao, na nyingi ni za kipumbavu.

Akampanda farasi wake wa chuma, pikipiki nyekundu iliyokohoa tangu siku iliponunuliwa, na Akai nyuma yake. Wakaiacha Lodwar jua likiwa bado na haya. Lami ikakimbia mbele yao, ngamia wakawapisha kwa dharau, upepo wa moto ukawapiga kama ngao, na ndani ya zile buti miguu ya shujaa ikaanza kuiva taratibu. Tumboni mwake mlikuwa na kikombe kimoja cha sturungi, ile chai isiyo na maziwa, basi.

Saa tano walikuwa Kakuma. Wazee walikuwa wamekwisha kukaa, kila mmoja juu ya kigoda chake, wamejipanga nusu duara kama mwezi mchanga, nao moto uko mbele yao. Wanawake walikaa upande wao, karibu na mlango wa nyumba, na katikati yao alikuwa Nakeno, mama yake Lotiir, bibi wa meno mawili na maneno elfu. Salamu zikapita, ejok kwa ejok, mikono ikashikwa, habari za mvua zikaulizwa na kujibiwa kwamba hakuna.

Mbuzi akachinjwa. Lotiir akautandaza utumbo chini, akauinamia kuisoma humo safari ya mgeni, kama wafanyavyo wazee wa huku. Mutua naye, kwa mazoea tu, akainama upande wa pili, akausoma kwa elimu yake ya serikali. Wasomaji wawili juu ya kitabu kimoja, vichwa nusura vigongane. Lotiir akanena kwamba njia iko wazi lakini kuna kona mbele. Mutua akanena kwamba hakuna minyoo. Wakatazamana, na wazee wakatikisa vichwa, wakaona kwamba hayo mawili yanaweza kwenda pamoja.

Kisha vita vikaanza.

Kwanza lilikuja ini, kipande cha ukaribisho, kikitoka motoni, mafuta yake yakichemka bado. Mutua akalipokea kwa mikono miwili. Akainua macho mbinguni kana kwamba anashukuru, akapeleka mkono mdomoni, akaushusha, na ini likatumbukia ndani ya buti ya kulia. Ole wake, maana hakukumbuka moto. Lile ini lilimkaa kwenye kifundo cha mguu kama deni la ibilisi, na shujaa akatafuna hewa yake akitabasamu, machozi yakimtoka, naye mzee mmoja akamsifu mwenzake kwa nong’ono: huyu kijana anahisi nyama mpaka ndani.

Dakika hazikupita nyingi mbwa watatu wa boma wakaja. Wakanusa buti. Wakafukuzwa. Wakarudi, wakalala mbele ya ule mguu wa kulia kama askari wa lango, wakaukazia macho.

Ndipo Lotiir Asiyeulizwa-Mara-Mbili akasimama na paja. Halikuwa paja la mzaha. Lilikuwa na ngozi yake iliyoungua vizuri, na mafuta yakitiririka mpaka mkononi mwa mzee, na ukubwa wake ulikuwa ule ambao hata buti ya jitu isingeumeza. Akaliweka mikononi mwa Mutua, akarudi kukaa amtazame.

Mutua akajua kwamba mpango wake umekufa. Akasimama, akafanya kile ambacho mashujaa hufanya wakikosa la kufanya, akatoa hotuba.

“Mzee Lotiir, mwenye boma, mwenye ngamia, mwenye binti. Nanyi wazee mlioketi hapa, ambao vigoda vyenu vimeona mengi. Mguu huu nilionao mkononi umetembea nchi ambayo mimi sijaitembea. Umepanda vilima vya Lokichoggio, umekanyaga mchanga wa Tarach. Mimi ni nani, mtu wa Makueni, mtoto wa maembe na mbaazi, hata niupokee? Na nikisha kuupokea, ni kwa namna gani, nauliza, kwa namna gani mtu kama mimi ataweza...”

Na hapo hotuba ikafika ukingoni, maana mbele yake kulikuwa na neno moja tu lililobaki, nalo ndilo la kumkosesha mke. Akai akaziba uso kwa leso. Sauti ikatoka upande wa wanawake, nyembamba, haina haraka.

“Wewe Muhuri,” akasema Nakeno, “hiyo mguu nimeona. Nipe.”

Sasa mjue, na mliozaliwa huku mnajua tayari, kwamba Turkana mtu akiona kitu kwa mwenzake anaomba, wala si aibu kuomba. Aibu ni ya yule anayekunja mkono. Paja lilikuwa limekwisha kuwa mali ya Mutua. Mali ya mtu ndiyo inayoombwa. Shujaa akausimamisha ulimi wake katikati ya neno, akavuka ule uwanja kwa hatua nne, hatua ya mguu wa kulia ikichechemea kwa sababu ya ini, akampigia magoti yule bibi wa meno mawili na kumpa paja zima.

Kelele za shangwe zikapanda upande wa wanawake. Upande wa wanaume Lotiir akakata mbavu, akampa tena, kwa kuwa mgeni hakai mikono mitupu. Mzee wa kushoto akaziomba mbavu. Akapewa. Likaja bega, na karani wa chifu, aliyekuja kwa jambo lingine kabisa, akaliomba bega akiwa hajakaa hata vizuri. Akapewa. Ikaja shingo, ikaombwa, ikaenda. Nyama ilimpitia Mutua mikononi kama maji yanavyopita kwenye mfereji, naye akawagawia watu kulia na kushoto, akiwataja kwa heshima zao, uso ukimng’aa kwa furaha ya mtu aliyefunguliwa jela. Ikasemwa waziwazi pale kwamba tangu barabara ya lami ifike hajaonekana mgeni mwenye mkono mwepesi namna ile.

Lakini tumbo halishibi sifa. Kufikia saa tisa, ile sturungi ya asubuhi ilikuwa historia ya kale. Masikio ya shujaa yalianza kuimba, na mbwa, alipowatazama, alikuwa akiwaona sita.

Akai alikuwa amekwisha kuliona hilo. Akatoka kimya akaenda kwenye kambi ya wakimbizi, kwa Mathilde, mama Mkongomani mwenye hoteli ndogo ya turubai, ambaye hupika maharagwe kwa mafuta ya mawese, vitunguu vingi na uvumilivu wa tangu asubuhi. Mathilde hakuuliza maharagwe ni ya nini, alisema tu kwamba bwana anayekula maharagwe ni bwana wa kushikwa kwa nguvu, na akajaza bakuli mpaka ukingoni. Likafika limefunikwa na sahani. Akai akaliweka mbele ya Mutua, akalifunua.

Enyi mliowahi kuwa na njaa, mnahitaji kuelezwa? Yalikuwa mekundu, laini, yamelala ndani ya uji wao mzito, na mvuke wake ulimpanda puani shujaa, ukamfikia mpaka Makueni. Akachukua kijiko. Akakijaza. Kijiko kilikuwa kimebakiza upana wa vidole viwili kufika mdomoni.

“Hiyo maharagwe nimeona,” akasema Lotiir. “Nipe.”

Upepo ukasimama. Hata Nakeno akaacha kufyonza mfupa. Ndani ya kifua cha Mutua yakapigwa mapigano ambayo hakuna mwandishi atakayeyamaliza: tumbo lilisimama upande huu na majeshi yake yote, na upande wa pili alisimama Akai, peke yake, ameshika leso. Mutua alikitazama kijiko. Alimtazama Akai. Akakirudisha kijiko ndani ya bakuli pasipo kulamba hata ncha yake, akaliinua bakuli kwa mikono miwili, akampa mzee. Hakutoa hotuba.

Lotiir akala. Kijiko cha kwanza akakunja uso. Cha pili akafikiri. Cha tano akamwita mkewe aonje. Lilipofika nusu, akaliweka bakuli juu ya goti lake, akasema, naye hakupandisha sauti.

“Mama yangu alikuokoa, anafikiri mimi ni kipofu. Mbuzi yangu ulipeana kama mtu anafagia nyumba. Hiyo haikunishangaza, takataka yake kila mtu anapeana. Lakini hii maharagwe nimeona vile ulikuwa unaangalia. Hii ulikuwa unapenda, na umenipa.” Akalirudisha bakuli mikononi mwa Mutua. “Kula. Mtu wa kunipa kitu anapenda, huyo hawezi nyima msichana yangu chakula. Maneno ya ngamia ya mahari tutaongea nikishalala.”

Kisha, Mutua alipokuwa ameinua kijiko tena, mzee akaongeza: “Lakini kwanza toa ini yangu kwa buti. Mbwa wamechoka kungoja.”

Buti ikavuliwa mbele ya umma. Ini likatoka, na mbwa wakalipigania kwa haki. Wazee walicheka mpaka mmoja akaanguka kutoka kwenye kigoda, na Nakeno akasema kwa sauti kwamba amekula mbuzi wengi katika maisha yake, lakini mbuzi wa kuvaliwa mguuni ni huyu wa kwanza. Naye Mutua Mshika-Muhuri, mguu mmoja mtupu kwenye mchanga wa moto, kifundo kimeungua, mchumba amempata, akala maharagwe yake mbele ya walaji nyama arobaini, punje baada ya punje, wala hapakuwa na mtu aliyemletea kuku. Akamaliza. Akalikomba bakuli.

Na kwa kuwa watu wa huku huipa miaka majina kwa yale makuu yaliyotokea ndani yake, mwaka wa nzige, mwaka wa mafuriko, siku moja karani wa chifu alikuja kuandika mifugo, akamwuliza Nakeno mwana-ngamia mmoja mweupe wa boma lile alizaliwa lini.

“Mwaka wa Maharagwe,” akasema Nakeno.

Karani hakuinua hata kichwa. Yeye ndiye aliyekula lile bega. Akaandika hivyo hivyo, kwa kalamu ya serikali.