Kitufe Chekundu cha Sufuria ya Presha

Jumatatu, 3 Machi
Leo nimewapiga bao wote! Kitabu cha maelekezo ya sufuria mpya ya presha kimekamilika kabla ya chai. Akili mnemba imeandika, mimi nimetia sahihi. Sheria ya ofisi inasema mwandishi apike kwanza kwa kufuata maelekezo yake, neno kwa neno, ndipo asaini. Upuuzi. Miwani, jirani yangu wa meza, bado anachemsha maharage kwa ajili ya kitabu chake. Nimemhurumia. Kwa sauti.

Jumanne, 4 Machi
Bosi amenisifu mbele ya watu. Miwani akauliza kama nilipika. Nikasema nilipika, wali ukatoka safi. Jioni nimempelekea mama mkwe sufuria moja na kitabu chake. Nikamwambia nimekiandika mwenyewe, kila neno. Akaniita mwanangu! Tangu nioe, huwa naitwa "mume wa binti yangu". Nusura nilie.

Alhamisi, 6 Machi
Balaa. Mama mkwe kapiga simu. Sufuria inapiga mluzi, kitufe chekundu cha kutolea mvuke hakioni. Kitabu kinasema akibonyeze, kisha afungue mfuniko bila wasiwasi. Nikamwambia aendelee kutafuta, kipo tu. Ningekirije kwamba sijui? Nikakimbilia stoo, nikaitazama sufuria kwa mara ya kwanza. Haina kitufe chekundu. Haina kitufe chochote! Nikampigia. Hakupokea.

Ijumaa, 7 Machi
Mama mkwe alichoka kutafuta, akafungua. Mkono umeungua mpaka kwenye kiwiko. Nimeilaumu mashine iliyoandika kitabu mbele ya mke wangu. Akauliza sahihi ni ya nani, kisha akanipa mgongo. Hospitalini mama mkwe amenitaja mara moja tu, kama "huyu". Inauma. Inauma sana. Bosi kasema kufikia Jumatatu kitabu na sufuria vilingane, la sivyo nifungashe virago. Miwani kaniletea bakuli la maharage. Laana! Matamu.

Jumapili, 9 Machi
Nimekonda kwa mawazo. Niandike kitabu upya? Nipike? Siwezi. Lakini bosi alisema vilingane tu! Basi nitabandika kitufe chekundu kwenye kila sufuria. Nimeiuliza mashine gundi gani inastahimili moto na mvuke. Imejibu papo hapo, tena kwa heshima zote: ile ya watoto ya kubandikia karatasi. Nimenunua yote iliyokuwa dukani. Kuijaribu kwanza? Muda uko wapi!
Naanza na sufuria ya mama mkwe. Ataniita mwanangu tena.