Mtu Mzito Juu ya Mkokoteni

Jumatatu, 7 Agosti 2000
Mifereji ya Noonkopir imekauka. Watu wanalia, mimi natabasamu kichinichini. Niko na mkokoteni, niko na punda. Punda ni wa shemeji yangu Wanyama wa Bisil, lakini hayo ni mambo madogo. Mama Zipporah wa hoteli anatafuta mtu wa kumletea maji kila siku. Tunaoitaka kazi ni mimi na Githongo, yule mwenye maringo. Mama amesema Jumamosi tutoke kisimani pamoja, kila mtu na mitungi minne. Atakayefika kwanza, kazi ni yake. Mke wangu Tabitha naye ameongeza yake: nikishindwa, punda anarudi kwa kaka yake.

Jumatano, 9 Agosti
Majaribio. Mkokoteni mtupu: nilimgusa punda kidogo tu, akachomoka kabla sijapanda! Nilimkuta kwa duka la Dahir. Nikapakia mitungi minne. Punda yule yule, akavuta kwa bidii ile ile, lakini mkokoteni ukaanza kutembea kama bibi harusi. Nimefikiri sana. Jibu ni moja: punda haniheshimu.

Alhamisi, 10 Agosti
Nimepata dawa! Hii Kenya, ukitaka jambo liende haraka unatafuta mtu mzito. Faili ya ploti yangu ililala Kajiado mpaka mtu mzito akakohoa mlangoni. Basi Jumamosi nitambeba Mzee Muthama, mwenyekiti wa kamati ya maji. Ni mzito kwa jina na kwa mwili. Amekubali hata kabla sijamaliza kueleza.

Nilimwambia Tabitha. Akaacha kukuna nazi anayowakunia watu kwa malipo, akaniangalia.

"Baba Valerie, punda ni mmoja na nguvu zake ni zile zile. Ukimwongezea mzigo, atachelewa kushika mbio."

Nikamjibu kwamba Muthama si mzigo, ni mwenyekiti.

Jumamosi, 12 Agosti
Aibu! Githongo alikuja na maji yake tu, na yeye mwenyewe kwa miguu, kando ya punda. Nikamcheka. Hana mtu wa kumsukumia mambo, maskini.

Tukaondoka. Punda wa Githongo akachanganya miguu mara moja. Wangu akainama, akatoa macho, akajamba. Gurudumu likazunguka nusu. Nyuma yangu Muthama ameketi juu ya mitungi na kofia yake, akipungia watu mkono. Tulipoanza kushika kasi akaona wamama wa soko, akaniamuru nisimame. Akawaamkia kwa Kimaasai, supai, wakaitikia ipa, wakaulizana habari za mvua na ng'ombe. Kuondoka tena, punda alianza upya, kama hajawahi kutembea maishani. Mbele kidogo Muthama akamwona Istahil, mama wa vitambaa. Tukasimama. Kwa kinyozi, tukasimama.

Tulipofika, maharagwe ya Mama Zipporah yalikuwa yanachemka tayari kwa maji ya Githongo. Muthama akashuka, akampongeza Githongo kwa mkono. Kwa mkono! Mkokoteni ukaruka juu kwa furaha. Na punda, mnafiki yule, akakimbia mpaka nyumbani.

Jumapili, 13 Agosti
Wanyama alikuja asubuhi, akamchukua punda. Roho iliniuma. Nilimzoea.

Mchana habari njema: kanisa nalo linataka mtu wa maji, mashindano ni Jumamosi ijayo. Nimekaa, nimetafakari, nimeona kosa langu. Muthama si mtu mzito. Alianguka uchaguzi wa tisini na saba, tena vibaya. Nilimpandisha mtu mwepesi! Nimeenda kwa diwani mwenyewe, amekubali, atakuja na mke wake na kiti chake.

Tabitha ameuliza mkokoteni utavutwa na nani, maana punda hayupo.

Nimemwambia nitavuta mimi.