Mwiko wa Kunigunda na Mafuta ya Ndege Yenu

Jirani na Uwanja wa Nyasi,
Mbamba Bay.
22 Agosti 1996

Meneja,
Kampuni Binafsi ya Ununuzi wa Kahawa,
Songea.

Ndugu Meneja,

Pole na kazi. Nakuita Ndugu kwa mazoea tu. Kama tangu soko huria lije mmejichagulia jina jingine, nijulishe nami nitalitumia.

Mimi ni jirani wa uwanja ambao ndege yenu ndogo hutua kila Jumamosi, ikileta wageni wa kampuni kuoga ziwani. Yule mnayemwona akikimbiza mbuzi mbele yenu kwa fimbo ndiye mimi. Ninaandika kulalamika kuhusu mwiko wa mke wangu, Kunigunda.

Rubani wenu, Kapteni Allen, hauamini mshale wa mafuta ulio mbele ya kiti chake. Ndege ikilala upande huu, unasema tangi limejaa. Ikilala upande ule, unasema ni tupu. Kwa hiyo yeye hupanda juu ya bawa, hufungua kifuniko, huchovya kijiti chenye alama na kutazama kimelowa hadi wapi. Mwezi wa sita wageni wenu walikichukua kijiti hicho wakachomea samaki. Kapteni akaja kwetu, akampa shikamoo mama mkwe wangu, akaomba chochote kirefu kilichonyooka. Akapewa mwiko. Akayamwaga mafuta yote kwenye ndoo, akayarudisha kidogo kidogo huku akichonga alama kwenye mpini. Tangu hapo hapimi kwa kitu kingine, na kwa kuwa Kunigunda hataki mwiko wake ulale nje ya jiko, kila Jumamosi huja kuuazima.

Malalamiko yangu ni haya:

1. Ugali wetu unanuka petroli. Padre Tadei alikula kwetu mara moja, akasifu dagaa wa usipa tu, hajarudi tena.

2. Jumamosi hatusongi ugali mpaka ndege iondoke, maana mwiko uko kazini. Mimi baba mwenye nyumba nakula muhogo wa kuchemsha huku nikitazama angani.

3. Ule mshale wenu muongo umekaa mbele, ndani ya kioo, kwa sababu umetoka Ulaya. Mwiko ambao haujasema uongo hata siku moja unalala juu ya chungu. Mlitutangazia kwamba katika soko huria anayeijua kazi ndiye anayepanda cheo. Hilo limenichoma sana.

4. Kwa hiyo naomba mwiko uajiriwe rasmi na upewe kiti chake ndegeni, karibu na dirisha.

5. Mwiko hauwezi kusafiri peke yake, na Kunigunda anaogopa kupanda. Msindikizaji nitakuwa mimi. Sitakuficha, Ndugu Meneja: mbuzi nimewafukuza tangu ndege hii ije, lakini hata mkia wake sijawahi kuugusa. Natamani mno kukiona kijiji cha Maguu kwa juu, na wakwe zangu wengine walio huko wanione. Nitapanda Jumamosi hii. Suruali nimeshaifua.

Nisalimie mkeo, mhasibu, dereva wa lori la kahawa, na yule binti wa simu ambaye kila nikipiga husema uko kikaoni.

Wako katika ujenzi wa taifa, hata kama siku hizi linajengwa na watu binafsi,

Ildefonsi Kapinga

N.B. Leo ni Jumamosi. Barua hii nilikusudia kukuletea mwenyewe kwa ndege, lakini nimempa kondakta wa basi la Songea linalopita Kitai. Asubuhi, suruali ikiwa tayari mwilini, mama mkwe alinieleza kwamba juzi alisukuma makaa kwa mpini wa mwiko, ncha ikaungua, akaikata na kuilainisha vizuri kwa kisu ili Kapteni asigundue. Nikimuuliza alikata kiasi gani, anasema kidole. Mara ananionyesha gumba, mara cha kati. Kwa hiyo alama zote zimeshuka, na tangi lililofika nusu linasomeka karibu kujaa. Ombi namba tano nimelifuta. Kapteni nilimwahi akiwa ameshawasha injini. Amezima, na sasa yuko jikoni kwetu pamoja na wageni wenu. Wanakula ugali, na wote wanasema hawasikii harufu yoyote. Tafadhali tuma gari mapema, unga unatuishia.