Maana ya "Floral" Yasubiri Kikao

Kwa heshima na taadhima nautangazia umma kwamba, baada ya vikao kumi na kimoja, Kamati ya Tafsiri ya idara yetu imebaini kuwa "floral" ni neno la Kiingereza. Mimi ndiye katibu. Sifa nyingine nawaachia wenzangu.

Chanzo ni waraka wa Mkurugenzi: siku ya wageni, watumishi wote wavae floral. Hakuna aliyejua ni kitu gani, na hakuna aliyeuliza. Kwetu, kumuuliza mkubwa maana ya Kiingereza chake ni kama kumwambia zipu yake iko wazi. Tukaunda kamati. Mhasibu akashikilia kuwa ni aina ya kiatu. Mzee wa masijala akasema ni cheo.

Mama Usafi, anayetupigia deki, akapita na ndoo yake. "Jamani, si ya maua tu? Shati la maua, gauni la maua!"

Tukaandika kwamba si mjumbe.

Kesho yake akaja na gauni la maua mekundu. Alipendeza, sitaki kusema uongo. Lakini kanuni ya kamati, aliyoisaini Mkurugenzi mwenyewe bila kuisoma, ilikuwa wazi: atakayevaa floral kabla maana haijapitishwa atatolewa nje ya geti na kusimamishwa kazi, bila kujali cheo.

"Katibu, mwanangu, nina watoto watatu," alisema. "Mnanifukuza kwa kujua?"

"Kwa kuwahi, mama."

Roho iliniuma, lakini mhuri ulikuwa umeshagongwa.

Siku ya wageni tulijipanga tumevaa kijivu, kwa tahadhari. Akashuka Mkurugenzi garini, shati la maua ya njano kuanzia kola hadi kiunoni. Mlinzi akamzuia getini.

"Shikamoo, mzee. Hayo ni maua?"

"Si ndiyo floral yenyewe! Waraka hamkusoma?"

"Tumesoma na kanuni pia, mzee. Saini yako hii hapa."

Mkurugenzi akanigeukia, jasho linamtoka. "Katibu! Pitisheni hiyo maana sasa hivi!"

"Hatuna anayeijua, mzee. Aliyekuwa anaijua tulimsimamisha."

Gari likatumwa mbio. Mama Usafi akashuka na gauni lake lile lile, akamtazama Mkurugenzi juu mpaka chini.

"Umependeza, baba. Ila mimi si mjumbe."

Wageni wakipita wanachungulia, Mkurugenzi aliichana barua ya kumsimamisha mama kazi kwa mkono wake mwenyewe, akamteua mwenyekiti wa kamati.

Mwenyekiti akashukuru, akachukua ndoo, akaahirisha kikao mpaka amalize kupiga deki ghorofa zote nne.