Televisheni Inayochelewa

Jumatatu, 3 Machi
Skrini ya kompyuta imekufa. Mistari mitatu ya zambarau, kisha giza. Msiba? Hapana, nafasi! Nimeihamishia kompyuta sebuleni na kuiunga na televisheni kwa waya. Inchi hamsini na tano! Kipa ana ukubwa wa mtoto wa darasa la kwanza. Mke wangu ameuliza itakaa hapo hadi lini. Nimesema ni kwa muda tu. Amesema muda wangu anaujua. Ngazi ya kupakia rangi iko koridoni tangu mwaka juzi.

Shemeji, kaka yake, amepita kuona. Miaka sita ananifunga kwenye mpira wa kompyuta. Amesema hata nikichezea kwenye skrini ya sinema, kipigo ni kile kile. Nimemwambia aje Jumamosi saa nne asubuhi. Mke wangu ametoa sharti: nikishinda, kompyuta ibaki sebuleni, nikifungwa, iende stoo, karibu na meza ya kupigia pasi. Shemeji amejiteua shahidi. Kiherehere!

Jumanne, 4 Machi
Tatizo. Nikibonyeza shuti, mchezaji anafikiri kwanza. Nimefungwa manne na kompyuta yenyewe, kiwango cha wanaoanza. Nimelaumu pedi ya kuchezea, nimeweka betri mpya. Matano.

Jumatano, 5 Machi
Nimempitia fundi televisheni. Amesema televisheni huiremba picha kabla ya kuitoa, kama bibi harusi, ndiyo maana inachelewa. Kwenye menyu kuna Hali ya Mchezo. Nikiiwasha, urembo unaachwa na picha inatoka papo hapo.

Nyumbani nimeshika rimoti. Nikaiweka chini. Nitibu ugonjwa ambao mgeni wangu hana kinga nao? Nitajizoeza kubonyeza mapema. Shemeji atakuja na vidole vyake vya kawaida. Nimecheka peke yangu hadi mke wangu akafunga mlango wa jikoni.

Alhamisi, 6 Machi
Mazoezi kabla ya kazi, mazoezi baada ya kazi. Siri ni kubonyeza mpira ukiwa bado njiani. Ushindi wa kwanza! Tatu bila.

Ila nimezoea kupita kiasi. Pale mapokezi nimegonga muhuri kabla mteja hajaweka barua. Sasa meza ya ofisi imeandikwa IMEPOKELEWA, na tarehe. Bosi ameuliza imetoka kwa nani.

Ijumaa, 7 Machi
Sita kwa moja! Mke wangu amenitazama robo saa nzima, kisha akauliza kwa upole mbona nabonyeza kabla mpira haujafika. Nimesema televisheni inachelewa, fundi anaijua kasoro yake, nisiulizwe zaidi. Ameguna. Nimelala mapema kama mwanariadha.

Jumamosi, 8 Machi
Shemeji amekuja na pedi yake, ameifunga kwa kitambaa cha kufutia miwani. Mpira umeanza. Nimebonyeza shuti: mchezaji amepiga hewa, mpira uko mita mbili nyuma. Tena. Hewa. Kipa wangu anaruka, anaanguka, anainuka, ndipo mpira unapita. Saba bila! Shemeji amesema nacheza kama mtu anayeitikia salamu kabla hajasalimiwa.

Mke wangu hakucheka. Amesema haelewi. Asubuhi, nikiwa bafuni, alimpigia fundi, naye akamwelekeza kuwasha Hali ya Mchezo. Alitaka nishinde! Amechoka na majigambo ya kaka yake. Nimebeba kompyuta hadi stoo.

Jumapili, 9 Machi
Stoo si mbaya. Kiti kinaingia ukikaa upandeupande. Mke wangu ameniletea chai humo humo na kusema nikirudiana na kaka yake Jumamosi ijayo, sharti ni lile lile, na sebule ni yangu kwa mazoezi. Ameongeza kwamba nikicheza tu kama watu wengine, naweza kumshinda.

Ana imani nami! Sitamwangusha. Nimeirudisha kompyuta sebuleni kwa mazoezi na kuipekua menyu yote ya televisheni. Kuna kitu kinaitwa Kuchelewesha Sauti. Shemeji husikiliza filimbi kuliko anavyotazama. Nimekwisha kukiwasha, na ninajizoeza nikiwa nimeziba masikio kwa pamba. Mke wangu amesimama mlangoni muda mrefu akisema jambo, mkono kiunoni. Nimemwonyesha dole gumba. Maendeleo ni mazuri sana.