Ramani Haina Maji, Ploti Yangu Inayo

Upande wa Kapseret,
14 Agosti 1971

Kwako Mzee Ephantus, Mwenyekiti wa kampuni yetu ya kununua shamba,

Natumaini barua hii itakupata ukiwa mzima na mahali pakavu. Mimi ni Nyaguthii, mama Gichuru, yule aliyetoa namba 47 kwa kofia siku ya kura ya kugawana ploti. Nilifika darasa la nne, kwa hivyo ramani naisoma. Nashtaki kinamasi.

1. Kwa ramani ya mpimaji, ploti yangu ni nyeupe kabisa, haina alama ya maji. Kinamasi kimeingia bila hisa wala kura. Ni kweli mpimaji alipima Januari, jua likiwa kali. Lakini nilipomwonyesha maji yamefika magotini, aliniambia ramani haikosei. Namwamini, amesoma. Basi mwenye makosa ni maji.

2. Gichuru ana miezi saba na anakohoa kwa ajili ya unyevu. Nataka nyumba kavu kabla hajaanza kutambaa, ama ataanza na kuogelea.

3. Ramani inaonyesha barabara pana pale mwinukoni. Nimeitafuta siku tatu na mtoto mgongoni. Haiko.

4. Matete na vyura pia hawako kwa ramani, na bado wanaendelea.

Kwa hivyo naomba kamati ikipe kinamasi notisi ya siku kumi na nne kihame. Kikikaidi, kichimbiwe mtaro, matete yafyekwe, vyura wajitafutie kampuni yao. Hayo yakishindikana, naomba mimi na Gichuru tuhamishiwe ndani ya ramani yenyewe, kwa maana huko ni kukavu.

Nisalimie Mama wa nyumbani kwako, kamati yote, na mpimaji, simchukii.

Ni mimi mwanachama wako mwenye miguu majimaji,
Nyaguthii, ploti 47

N.B. Barua hii ilisahaulika kwa koti la Zachariah wa duka, niliyempa akuletee, mpaka leo, Januari. Visima vyote vya juu vimekauka. Wenye ploti kavu wanachota maji kwangu, hata Mama wa kwako. Mpimaji amerudi kupima tena, amekunywa vikombe vitatu. Tafadhali kinamasi kisiguswe hata tete moja. Kichorwe kwa ramani, na herufi kubwa. Nyumba nimejenga pale mwinukoni, kwa ile barabara ya ramani. Ni pakavu sana, na Gichuru hakohoi tena. Barabara msiilete.