Ng'ombe wa Balozi Jilala

Jumatatu, 3 Mei 1976
Leo ni mwaka mmoja na miezi miwili tangu nitoke Lindi. Mgongo umekwisha. Kutwa navuta mawe kwa kamba kutoka shimoni, na dhahabu yenyewe nimeiona mara mbili, zote mkononi mwa mtu mwingine. Lakini leo mlango umefunguka. Nesi Eufrasia wa zahanati anatafuta mtu wa kufagia na kubeba sanduku la dawa. Kazi ya kivulini! Kasema nikimletea watoto arobaini Ijumaa wachanjwe surua, kazi ni yangu. Nikamwambia arobaini ni wachache. Surua imeshafika Buseresere, kijiji cha jirani, imezika wanne. Nani atakataa?

Jumanne, 4 Mei
Wamekataa wote. Nilianza na Mama Marselino, mke wa Jilala, balozi wetu wa nyumba kumi, maana napanga kwao na mtoto wao ana mwaka mmoja. Kasema mtoto wa dada yake alichomwa sindano akashinda na homa siku mbili, kwa hiyo Marselino hachomwi. Nikamwambia homa ya siku mbili si kaburi. Akaniuliza, wako amechanjwa? Nikasema ndiyo, tena mara mbili. Mwaisha wangu yuko Lindi, nani atakwenda kumkagua? Nyumba kumi na moja, mtoto hata mmoja. Ya mwisho wamenifungulia mbwa.

Jumatano, 5 Mei
Jilala kajisifu wakati wa ugali. Mwaka jana aliswaga ng'ombe wake maili kumi na mbili kwa bwana mifugo, wakachanjwe sotoka. Maili kumi na mbili! Nesi yuko hatua mia tatu. Hapo ujanja ukanijia. Huku ng'ombe huchungwa na watoto. Wakija ng'ombe, watoto wako nyuma na fimbo. Nimetangaza kijiji kizima: Ijumaa asubuhi, zahanati, chanjo ya ng'ombe.

Alhamisi, 6 Mei
Nimemuaga mwenye shimo. Nimemwambia atafute punda mwingine. Kasema punda huyu anamjua, hafiki mbali. Nimefua shati.

Ijumaa, 7 Mei
Ng'ombe zaidi ya mia mbili. Watoto, hakuna. Kumbe siku ya chanjo ng'ombe haachiwi mtoto, kila mtu huku anajua isipokuwa mimi. Wamekuja akina baba wenyewe, wengine wametoka kwao jua halijachomoza. Jilala kauliza bwana mifugo yuko wapi. Nikasema yuko njiani. Akauliza njia ipi. Wakanizunguka, fimbo na pembe.

Habari kwamba Mswahili, ndivyo wanavyoniita, anapigwa ikafika majumbani. Akina mama wakaja mbio wasikose, watoto migongoni. Nesi Eufrasia akajipenyeza katikati, akamwamkia Jilala shikamoo kwa adabu, akamuuliza kama ng'ombe wake wa mwaka jana walipata homa baada ya sindano. Jilala akajibu kama mtaalamu: bila shaka, hulala chini siku mbili, ndipo unajua dawa imeingia.

Mama Marselino alikuwa nyuma yake. Akamtazama mumewe. Akamtazama nesi. Akafungua kanga, akamtoa mtoto mgongoni.

"Haya, Baba Marselino," akasema, "shika ndama wako achomwe."

Watu wakacheka. Jilala akamshika. Basi foleni ikaanza, na akina baba hawakutaka kurudi wametembea bure. Watoto hamsini na watatu! Kila kitu kama nilivyopanga.

Jumamosi, 8 Mei
Nimeanza kazi ya kivulini. Bado sijakiona kivuli. Nesi kasema kwanza niondoe samadi uani. Ng'ombe mia mbili, koleo moja.

Jumapili, 9 Mei
Marselino amepata homa, imeshuka, ameshaanza kuiba nyama chunguni. Mama yake kanisalimia.

Barua ya mke wangu Zuleha imefika kutoka nyumbani. Anasema surua imeingia mtaa wa pili, na manesi wanachanja shuleni; anauliza ampeleke Mwaisha au aningoje. Swali gani hili? Manesi wa huko siwajui. Na hizi sindano, kuna mtoto hapa alishinda na homa siku mbili. Nimemjibu wasithubutu kumgusa mpaka niwepo mwenyewe. Haraka ya nini? Narudi mwezi wa nane, kabla ya mfungo.